Kamanyola: Piesi zimebadilishwa, pesa imekwisha, na moteri ingali inakatakata

Madereva wanaofanya safari kati ya Uvira, Kamanyola na Bukavu wanaijua hali hii. Gari inaanza kukatakata. Fundi wa kwanza anasema ni mabuji, mabuji yananunuliwa. Kisha siku mbili, inakatakata tena. Fundi wa pili anasema ni bobini, bobini zinanunuliwa. Wa tatu anataja pompa ya esanse, wa nne anataja kompyuta ya gari. Pesa inaenda, patro anaanza kumtilia dereva mashaka, na gari ingali vilevile.

Mara nyingi gari ya namna hiyo haina ugonjwa usiopona. Shida ni kwamba piesi zilibadilishwa mbele ya gari kupimwa, ao gari ilipimwa mahali ambapo ugonjwa hauonekani. Tueleze hapa moteri inakatakata juu ya nini, kwa nini mlima wa Ngomo unafunua kitu ambacho tambarare ya Ruzizi inaficha, na vipimo gani mwenye gari anaweza kuomba mbele ya kutoa dola ingine.

Ndani ya moteri kunatokea nini?

Magari mengi madogo yanayobeba watu ku barabara ya kitaifa namba 5 ni Toyota zilizotumika kwanza Japani: Probox, IST, Raum, Vitz. Nyingi kati yazo zina moteri ya aina ya 1NZ-FE, ya lita 1.5, yenye silinda nne. Ndani ya kila silinda pistoni inapanda na kushuka, na kazi inafanyika kwa hatua nne: silinda inavuta hewa na esanse, inakandamiza, buji inatoa cheche na mchanganyiko unawaka, kisha moshi unatoka.

Ku ralanti, moteri ikizunguka mara 700 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 350 kwa dakika, karibu mara sita kwa sekunde. Ikizunguka mara 3,000, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde. Silinda moja ikikosa kuwaka, hata mara chache, gari nzima inasikia: inatetemeka, inapoteza nguvu, inakunywa esanse zaidi, na sauti ya bomba la moshi inakatika. Ikikosa kabisa, gari inatembea na pistoni tatu. Hizo tatu zinabeba abiria na mizigo, na juu yake zinaikokota ile ya nne yenye imelala.

Ili silinda iwake, inahitaji vitu vitatu tu:

– Cheche yenye nguvu, kwa saa yake. Hapa ndipo kuna buji, bobini, waya, fishi na masi.
– Hewa na esanse kwa kipimo kizuri. Hapa kuna pompa, filtri, enjektere, mabomba ya mpira ya hewa, kapteri ya hewa, na esanse yenyewe.
– Mkandamizo wa kutosha. Hapa kuna supapi, segma za pistoni, sheni ya moteri, na jwenti ya kilasi, ile piesi nyembamba inayoziba kati ya kilasi na bloki.

Kila sababu ya kukatakata inaingia ndani ya moja ya makundi hayo matatu. Ndiyo maana swali la kwanza si «piesi gani?» bali «kundi gani, na silinda gani?» Mtu mwenye supapi iliyoungua anaweza kununua bobini kumi, gari haitapona.

Kwa nini gari nzima Kamanyola inagonjwa Ngomo?

Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Kati ya maziwa hayo mawili mto Ruzizi unashuka, na Kamanyola iko chini, mwanzo wa tambarare. Mwenye kutoka hapo kwenda Bukavu lazima apande mamia ya mita, apitie Ngomo na Nyangezi ao apitie Bugarama upande wa Rwanda. Lakini mwenye kwenda Uvira kwa Luvungi na Sange anatembea karibu sawasawa.

Tofauti hiyo ndiyo inawadanganya watu wengi. Dereva akikanyaga sana ili apande, hewa nyingi inaingia ndani ya silinda na mkandamizo unakuwa mkubwa. Cheche sasa inapata shida zaidi kuruka ule mwanya mdogo wa buji, kwa hiyo bobini inapaswa kutoa umeme wenye nguvu zaidi. Bobini iliyochoka inaweza ralanti, inaweza tambarare, lakini mlima unaishinda. Buji iliyolika, yenye mwanya uliopanuka, inafanya vilevile. Kwa mabuji mengi ya moteri hii mwanya ni milimita 1.1; ukizidi sana, cheche inashindwa kuruka.

Tena, mlima unaomba esanse nyingi. Pompa iliyochoka ao filtri iliyoziba inaleta esanse ya kutosha ralanti, haileti ya kutosha mlimani. Na kuna joto: gari inapanda polepole na vitesi vidogo, upepo ni mdogo, moteri inapata moto. Kuna bobini zenye zinafanya kazi vizuri zikiwa baridi na kukata zikipata moto, kisha zinapona zenyewe gari ikisimama nusu saa.

Sasa fikiria gari hiyo imefikishwa kwa fundi asubuhi, chini ya mti, moteri baridi, bila mzigo. Fundi anawasha, anasikiliza, anakanyaga mara mbili. Hakuna kitu. Anabaki na njia moja tu: kubahatisha. Ugonjwa wa mlimani unapimwa mlimani, na ugonjwa wa asubuhi unapimwa asubuhi. Kama fundi hajawahi kuingia ndani ya gari wakati inakatakata, hajauona ugonjwa anaoutibu.

Andika mbele ya kwenda garaji

Daktari anamuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini na yanakuja saa gani. Gari haisemi, kwa hiyo dereva ndiye anasema kwa ajili yake. Kaye ya dola nusu inaweza kuokoa pesa nyingi. Aandike siku, mahali, moteri ilikuwa baridi ao moto, ilikuwa inapanda ao imesimama, esanse ilinunuliwa wapi, na kama mvua ilinyesha ao gari ilioshwa. Kisha safari tano ao sita, picha inaanza kuonekana:

– Inakatakata ikipanda ao ikibeba mzigo, ralanti ni nzuri: anza na bobini, mabuji, kisha filtri na pompa ya esanse.
– Inatetemeka ralanti, lakini ikikimbia inatulia: tafuta hewa inayoingia pembeni kwa bomba la mpira lililopasuka, ao silinda moja yenye mkandamizo mdogo.
– Inakatakata asubuhi tu, na moshi mweupe unatoka, na maji ya radiatere yanapungua bila kumwagika: jwenti ya kilasi iko mashakani. Usifungue radiatere ikiwa moto.
– Ilianza kisha kuosha moteri ao kisha mvua kubwa: maji yameingia kwenye mashimo ya mabuji ao kwenye fishi. Vijana wanaoosha magari wanapenda kumwagia moteri maji mengi; mwenye gari awakataze.
– Ilianza siku ile ile ya kununua esanse mahali papya: anza na esanse, usianze na piesi.
– Inakuja na kupotea bila mpango, hasa ku mashimo na mabonde ya barabara: tazama fishi zilizolegea na waya za masi zilizoshika kutu.

Orodha hii haimalizi kazi ya kupima. Inaonyesha mahali pa kuanzia.

Kipimo ambacho hakiombi kununua kitu

Kwenye moteri yenye bobini nne, kila silinda ina yake, na zote ni sawasawa. Hii inamupa fundi kipimo ambacho hakilipishwi piesi hata moja.

Kwanza, kutafuta silinda inayolala. Moteri ikiwa ralanti na inakatakata, fundi anatoa enjektere moja fishi yake, anasikiliza, anarudisha, kisha anaenda kwa ingine. Ukitoa fishi ya silinda nzima, moteri inazidi kutetemeka. Ukitoa ya silinda inayolala, hakuna kinachobadilika. Hiyo ndiyo yenyewe.

Pili, kubadilishana. Moteri ikizimwa, bobini ya silinda inayolala inapelekwa kwa silinda jirani, na ya jirani inaletwa huku. Hakuna kitu kingine kinachoguswa. Kisha gari inatembezwa pale ugonjwa unapoonekana. Kama ugonjwa umehama pamoja na bobini, bobini ndiyo imekufa, na ni moja tu ya kununua, si nne. Kama ugonjwa umebaki pale pale, bobini ni nzima. Sasa buji inabadilishwa na ya jirani kwa njia ile ile. Buji nayo ikiwa haina kosa, fundi anageukia waya, enjektere, na mkandamizo.

Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja kwa mara moja. Fundi akibadilisha mabuji, bobini na filtri siku moja, hata gari ikipona hakuna atakayejua dawa ilikuwa gani. Na ikirudi kukatakata, wote wanaanza tena kwa sifuri.

Kama ugonjwa unakuja Ngomo tu, hakuna atakayetoa fishi akiwa anapanda. Hapo skaneri inasaidia. Ni chombo kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Kikiandika P0301, kompyuta imeona silinda ya kwanza ikikosa kuwaka. P0302 ni ya pili, P0303 ya tatu, P0304 ya nne. P0300 inasema kukosa kunatembea silinda mbalimbali, na hapo esanse, hewa ao pompa inashukiwa zaidi kuliko bobini moja. Bobini ya pili ikihamishwa kwa tatu, na kisha mlima namba ikabadilika kutoka P0302 kuwa P0303, huo ni ushahidi.

Lakini skaneri inasema silinda gani inakosa, haisemi piesi gani imekufa. Maneno «skaneri imesema bobini» mara nyingi ni mawazo ya aliyeshika skaneri. Tena magari mengine ya Japani hayaongei na skaneri za bei ndogo. Fundi akijaribu bila kupata kitu, haimaanishi gari ni nzima. Na namba iandikwe mbele ya mtu kufungua batri, kwa sababu kufungua batri kunaweza kufuta kumbukumbu hiyo.

Mkandamizo: kipimo ambacho kinasahauliwa

Mafundi wengi wanakiacha mwisho, wakati mara nyingi kingepaswa kuja mbele ya kununua piesi yoyote ya bei kubwa. Mabuji yanatolewa, saa ya mkandamizo inafungwa kwenye shimo, na moteri inazungushwa na demareri bila kuwaka. Kwa moteri ya 1NZ-FE iliyo nzima, saa inapanda karibu kilo 15. Ikiwa chini ya 11, silinda imechoka. Namba za silinda zote nne zinapaswa kukaribiana. Tatu zikiwa 13 na moja ikiwa 7, hakuna buji wala bobini itakayoiponya.

Fundi anaweza kuendelea na kijiko kimoja cha mafuta ya moteri ndani ya silinda dhaifu, kisha apime tena. Saa ikipanda sana, segma zimelika, kwa sababu mafuta yameziba pembeni ya pistoni. Isipopanda, supapi ao jwenti ya kilasi ndiyo inapitisha. Kazi hiyo yote inachukua kama saa moja, na inamuambia mwenye gari kama anapaswa kufungua moteri ao hapana.

Esanse ya kwenye bidoni

Kote mashariki mwa Kongo, esanse inauzwa pia kando ya barabara, kwa bidoni na chupa, na wale wanaoitwa Kadhafi. Wengi wanauza esanse nzuri. Lakini bidoni iliyobaki na maji, ao iliyobeba mazutu jana, inatosha kugonjesha gari. Kuna pia wanaochanganya esanse na petroli ya taa. Uchanganyaji huo si wa Kongo peke yake: mwaka 2018 Kenya iliweka kodi ya pekee ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya kuyachanganya na mafuta mengine ipotee.

Kuna vipimo viwili vya nyumbani. Cha kwanza: weka esanse kidogo ndani ya chupa ya kioo inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji ni mazito kuliko esanse, yatashuka chini na mstari utaonekana. Cha pili: dondosha tone juu ya karatasi nyeupe, ngoja ikauke. Esanse safi inapotea bila kuacha kitu. Petroli ya taa ao mazutu inaacha alama ya mafuta.

Vipimo hivi vifanyike mbali na moto, mbali na sigara, mbali na watoto. Wakaaji wa tambarare hii hawahitaji kukumbushwa sana: tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, lori la mafuta lilianguka, likawaka moto na kuua watu zaidi ya 230. Ndiyo sababu pia haifai kupima cheche kwa kuchomoa buji na kuigusisha chuma wakati kuna harufu ya esanse. Kubadilishana bobini ni salama zaidi na kunaonyesha zaidi.

Piesi mpya pia inaweza kuwa imekufa

Kuna sababu ingine inayofanya gari isipone: piesi iliyofungwa haikuwa nzuri. Makampuni ya NGK na Denso, ambayo mabuji yao ndiyo yanajulikana zaidi, yenyewe yametoa tahadhari mara nyingi kuhusu piesi za kuigwa zinazobeba jina lao. Buji ya bandia inaweza kuwaka wiki moja tu. Na bobini ya okazio, iliyotolewa kwenye gari iliyokufa, inaweza kuwa na ugonjwa ule ule.

Kwa hiyo neno «hiyo ilishabadilishwa» lisiwe sababu ya kuruka kipimo. Piesi mpya nayo inapimwa kwa kubadilishana. Na piesi ya zamani isibaki garaji: mwenye gari arudi nayo nyumbani, kwa sababu pengine haikuwa na kosa lolote na itatumika siku ingine.

Kwa pikipiki na magari ya mazutu

Motari wa Kamanyola na Luvungi wana shida hiyo hiyo, kwa njia iliyo rahisi zaidi: silinda moja, buji moja, na mara nyingi karbiratere. Kwa hiyo wafuate utaratibu ule ule: kwanza buji inayojulikana kuwa nzima, iliyoazimwa kwa pikipiki ingine ya aina hiyo, kisha maji ao uchafu chini ya karbiratere, kisha filtri ya hewa, hasa wakati wa kiangazi ambapo vumbi ni vingi, kisha supapi na mkandamizo.

Magari ya mazutu, kama malori na Hiace kadhaa, hayana buji za cheche. Moto unatokana na mkandamizo wenyewe. Yakikatakata, watu watazame kwanza maji kwenye filtri ya mazutu, hewa iliyoingia kwenye mabomba, kisha enjektere na mkandamizo. Kwa mazutu za kisasa, mabomba ya enjektere yasifunguliwe wakati moteri inazunguka: mazutu inatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi.

Fundi analipwa kwa kazi gani?

Hapa ndipo kuna fundo la jambo lote. Wateja wengi wanakubali kulipa piesi na kazi ya mikono ya kuifunga, lakini hawakubali kulipa kupima. Fundi akitumia asubuhi nzima kutafuta ugonjwa na asifunge piesi yoyote, anaambiwa: «Sasa umefanya nini?» Fundi anayelipwa tu akifunga piesi, atafunga piesi. Hata akiwa mwaminifu, ana watoto wa kulisha.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa kuwa bei zinabadilika. Tuseme mabuji manne ni dola 20, bobini nne dola 100, pompa dola 60, na kazi ya mikono kwa mara tatu dola 40. Hizo ni dola 220. Kama mwishoni ugonjwa ulikuwa bomba la mpira lililopasuka, ao bobini moja tu kati ya nne, mteja angemulipa fundi dola 20 za kupima peke yake na angebaki na pesa ya kununua piesi yenyewe.

Kwa hiyo makubaliano mazuri yanaanza hivi: «Fundi, ntakulipa kazi ya kupima, hata kama hatununue kitu. Lakini mbele tununue piesi, unionyeshe silinda gani inalala, na umejuaje.» Fundi anayejua kazi hatakasirika kwa maneno hayo, yatamupa heshima na nafasi ya kufanya kazi yake. Mwenye kukataa kabisa kuonyesha, na kusema tu «nunua kwanza tutaona», anaomba mteja alipe bahati nasibu.

Maswali matatu yanatosha: Ni silinda gani? Kipimo gani kimeonyesha hivyo? Na kama piesi hii haiponyi, tutaendelea na nini? Majibu yaandikwe kwenye kaye ya gari, pamoja na tarehe, bei, na namba za mkandamizo. Kaye hiyo inamusaidia fundi wa pili asirudie kazi ya wa kwanza. Inamulinda pia dereva ambaye gari si yake. Madereva wengi wanapeleka kwa patro pesa ya kila siku. Siku gari imelala, hesabu haipo, na patro anasikia tu kwamba pesa imekula garaji. Dereva mwenye kaye na piesi za zamani mkononi anaweza kusema: «Patro, tazama, tulipima hivi, tukapata hivi.» Asiye nayo anabaki na maneno yake peke yake, na wengi wamepoteza kazi hivyo.

Wakati wa kusimama

Kuna hali mbili ambapo gari haipaswi kuendelea. Ya kwanza ni taa ya moteri ku tablo ikiwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Inamaanisha esanse nyingi inatoka bila kuungua na inaenda kuungulia ndani ya katalizatere, chini ya gari. Katalizatere inaweza kuwa nyekundu kwa moto, ikayeyuka ndani na kuziba njia ya moshi; hapo shida ya bobini moja inakuwa shida mbili. Isitoshe, gari yenye moto namna hiyo isipakiwe juu ya majani makavu.

Ya pili ni kupanda Ngomo na pistoni tatu. Barabara ni nyembamba, bonde ni refu, na malori yanapishana kwa shida. Gari inayokosa nguvu katikati ya kona, na watu tisa ndani, haina nafasi ya kurudi nyuma. Abiria ana haki ya kushuka, na dereva ana haki ya kumwambia patro kwamba leo gari haipandi.

Na kama mkandamizo umekufa, mwenye gari abaki na chaguo tatu tu: kufungua moteri na kutengeneza kilasi, kutafuta moteri ya okazio, ao kuuzisha gari jinsi ilivyo kwa mtu anayejua hali yake. Chaguo hizo zote ni za bei kubwa, na kila moja ina hesabu yake. Lakini atachagua akiwa na namba mkononi. Aliyenunua bobini mbele ya kupima atafika mahali pale pale, na pesa ya kutengeneza kilasi itakuwa imekwisha kutoka.